Kofia Nyeupe ya Kilima cha Mizigo

Kofia nyeupe niliipata nikiwa nimepita miaka hamsini, umri ambao wenzangu wengi huwa wanapata wajukuu au kitambi. Katika kazi ya barabara kofia ndiyo cheo chenyewe. Kibarua anavaa ya njano, mwendesha mtambo ya bluu, msimamizi nyeupe. Ya kwangu ya njano ilikaa kichwani muda mrefu hadi jua likaifanya rangi ya mhogo mkavu. Ukiitazama kwa mbali, tena kwa huruma, ungeweza kusema ni nyeupe, nami nilikuwa najitazama kwenye kioo cha tipa kwa huruma hiyo hiyo.

Siku niliyokabidhiwa ile nyeupe ya kweli nilirudi nayo nyumbani Kitete nikiwa nimeivaa, nikala nayo chakula cha jioni. Mke wangu, Consolatha, alinitazama mpaka ugali ukapoa.

"Baba Kulwa," akasema, "humu ndani kuna mwamba gani unaotaka kukuangukia?"

"Nimeisahau tu kichwani."

"Umeisahau tangu saa kumi na moja, na umepita mlango mara tatu ukiinama."

Jumapili nilikwenda nayo kanisani. Sikuivaa, sijafikia huko, lakini niliipakata misa nzima kama mtoto anayengoja kubatizwa.

Cheo chenyewe kilikuwa hivi. Kampuni yetu inajenga barabara upande wa mashariki wa Tabora, kwenye njia ya kuelekea Tura, na mimi nilifanywa msimamizi wa maungio. Maungio ni pale ambapo mwamba uliokatwa unaishia na tuta la udongo linaanzia. Ni mita chache tu za barabara. Dereva akipita hazioni, na asipoziona ndipo kazi imekuwa nzuri. Kwa hiyo nilipewa cheo cha kusimamia kitu ambacho kikifanikiwa hakuna mtu atakayejua kama kipo. Nilikipokea kwa shukrani kubwa.

Nieleze kidogo kazi ilivyo, kwa sababu Consolatha anasema huwa naieleza kwa wageni hata wasipouliza, na sitaki ninyi mkose. Mwamba ukilipuliwa kwa baruti haubaki sawa kama meza. Unabaki na mashimo, na kila shimo linashika maji kama bakuli. Ukimwaga kifusi juu yake na kuweka lami, yale mabakuli yanabaki chini yamejaa. Maji yakizidi yanatambaa juu ya mwamba yakifuata mteremko mpaka mwamba unapoisha, na hapo yanakutana na udongo wa tuta. Udongo unakunywa hadi unalainika kama uji. Lori likipita, upande wa mwamba haushuki na upande wa tuta unashuka, na lami inapasuka katikati.

Dawa yake inajulikana. Unaulipua mwamba chini zaidi ya kiasi unachohitaji, unausafisha, unajaza kokoto ili maji yapite. Mwisho wa mwamba unaukata ngazi ngazi ili tuta lishikane nao polepole, pasiwe na mahali pagumu panapokutana ghafla na palaini. Kisha pale pale kwenye maungio unachimba mfereji unaokata barabara kutoka upande hadi upande, unatandika kitambaa cha kuchujia, unalaza bomba lenye matundu, unafukia kwa kokoto. Maji yakifika yanaingia bombani na kutokea ubavuni mwa tuta. Yote hayo niliyafanya, na niliyafanya vizuri, naweza kusema bila aibu. Aibu inaanzia mbele kidogo.

Mahali penyewe panaitwa Kilima cha Mizigo. Zamani za misafara, wapagazi waliotoka Tabora kuelekea pwani walitua mizigo yao hapo, kwenye upenyo kati ya majabali mawili. Kila aliyepita alitupa jiwe kwenye rundo, na juu ya jiwe kishada cha majani, ili njia ya mbele iwe nyepesi. Pembe za ndovu zimekwisha, wapagazi wamekwisha, rundo halikwisha. Mwenye baiskeli ya mkaa anatupa. Mama anayekwenda kliniki anatupa. Bodaboda anatupa bila kuzima pikipiki. Ukiwauliza kwa nini, watakujibu ndivyo panavyopitwa. Sharti ni moja: kilichowekwa pale mwenyeji hakiondoi kwa mkono wake.

Rundo hilo lilikuwa limekaa katikati kabisa ya mstari wa barabara.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Masolwa, alikuja kulisemea. Hakugombana. Alisema mawe ya wazee yasichanganywe na kokoto za kampuni, na yasogezwe na mtu anayeruhusiwa.

"Nani anaruhusiwa?" nikauliza, ingawa nilikuwa najua.

"Mtani. Mtani akiligusa halina ubaya."

Mtani tulikuwa naye. Issa, Mzaramo wa Kisarawe, ndiye mwendesha kijiko, ule mtambo wa kuchimbia. Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu misafara hiyo hiyo, na Issa alikuwa anaitimiza kazi hiyo bila likizo. Alizima mtambo, akashuka taratibu.

"Mmenikumbuka leo," akasema. "Babu zenu walibeba mizigo kutoka huku mpaka kwetu, na mpaka leo mzigo ukiwashinda mnamwita Mzaramo."

"Na babu zenu," nikamjibu, "walikuwa wamekaa pwani wakingoja tufike na chakula."

"Basi leo nami nangoja. Kuku mmoja, mwenye supu."

Kuku alipatikana, Issa akalisogeza rundo. Swali likabaki: liwekwe wapi? Hapo ndipo kofia nyeupe ilipofanya kazi. Chini ya tuta, ambapo njia mpya ya waenda kwa miguu inazunguka, ndipo mdomo wa bomba langu unapotokea. Mdomo wa bomba unahitaji mawe mbele yake ili maji yasichimbe udongo. Rundo linahitaji mahali. Nikaona mambo mawili yanamalizwa na mawe yale yale. Nilimwelekeza Issa, na yalipomwagwa niliyasawazisha kwa mtaimbo nisiyaguse kwa mkono, nikaacha nafasi nzuri za maji kupita kati ya jiwe na jiwe. Mzee Masolwa alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi. Niliporudi nyumbani nilimweleza Consolatha kwamba ni watu wachache wanaoweza kufikiria namna ile.

"Ni kweli," akasema, na wakati ule nilidhani ananisifu.

Sikufikiria kwamba watu wangeendelea kutupa. Au niseme ukweli, nilifikiria, nikaona ni baraka. Ila chini ya tuta hapana mawe. Mawe yote yako juu kwenye mwamba, na yaliyo huru tuliyasomba sisi wenyewe. Mtu akipita pale na hana jiwe, anaokota bonge la udongo wa tuta, anaweka na majani yake, anaendelea na safari.

Na hakuna aliyekuwa na bidii kunishinda. Kila asubuhi kabla ya kazi nilisimama mbele ya rundo nikauombea mfereji wangu. Mimi si mtu wa kutupa ovyo. Nilichuma majani ya urefu mmoja, nikayafunga kishada kwa uzi wa rangi ya chungwa, ule tunaotumia kunyooshea usawa, nikakata ncha zilizozidi, nikaweka kishada palipo na pengo. Kama kulikuwa na nafasi kati ya mawe, nilihakikisha nimeijaza. Sipendi kitu kikae wazi wazi.

Mvua zikaanza, na baada ya mvua likaja jaribio.

Jaribio ni jambo rahisi. Tipa lililojaa kokoto linapita polepole juu ya udongo ulioshindiliwa, na injinia anatembea kando akitazama chini ya matairi. Udongo mzuri haujibu kitu. Wa kwangu ulijibu. Tairi lilipovuka mwamba na kufika kwenye maungio, udongo ulibonyea, ukapanda mbele, ukarudi, kama mtu anayegeuka kitandani.

Issa alikuwa amekaa kwenye kijiko chake anatazama. "Mnyamwezi!" akapiga kelele. "Kumbe umetandika godoro! Si ungetuambia tuje na shuka?"

Vibarua wote walicheka, hata wale ambao mimi ndiye ninayewaandikia mahudhurio.

Injinia wetu, Magreth, ni Mnyamwezi mwenzangu, binti wa Sikonge aliyelelewa kwa adabu, na adabu hiyo inanisumbua sana. Hawezi kunigombeza kabla ya kunisalimia, kwa hiyo nikisikia salamu saa nane mchana najua nimekwisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, injinia."

"Mzee, hapa pameoza."

"Nimeona."

"Mvua kubwa zinakuja. Tipa litarudi Jumamosi. Likicheza tena, nafumua yote mpaka kwenye mwamba, na maungio atayasimamia Festo." Akaitazama kofia yangu, akaona huruma. "Tutazungumza Jumamosi."

Festo ni msimamizi wa kikosi cha pili. Kofia yake nyeupe ameibandika stika ya timu ya mpira. Sina neno na Festo, lakini wazo la maungio yangu kwenda kwa mtu mwenye stika lilininyima usingizi.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nilizibua mitaro ya pembeni, ambayo haikuwa imeziba. Niliziba nyufa za mwamba zilizokuwa juu, ambazo hazikuwa na maji. Nilimwambia Magreth kwamba nahisi chini kuna chemchemi, na nikamweleza kwa kirefu jinsi chemchemi zinavyotembea ndani ya mwamba, mambo ambayo yeye ameyasomea chuo na mimi niliyasikia kwa mchimba kisima wa mtaa wa Ng'ambo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Adabu.

Na kila asubuhi, kadiri hofu ilivyozidi, nilizidisha kishada. Alhamisi nilichoweka kilikuwa kinatosha kuezekea banda la kuku.

Siku hiyo hiyo Magreth alinitaka nichimbe shimo dogo pembeni ya barabara, kando ya mfereji, tuone kilichomo. Nilichimba. Kokoto zilikuwa safi, kitambaa kizima, na maji yamesimama yamejaa, yametulia kama ya mtungini.

Alichuchumaa, akachovya kidole. "Mfereji umepokea maji vizuri."

"Nashukuru."

"Sikusifii, mzee. Unapokea, hautoi. Mdomo wa bomba uko wapi?"

"Kule chini. Kwenye rundo."

"Umeutazama?"

"Kila siku," nikasema, na ilikuwa kweli tupu.

"Unatoa maji?"

"Umefunikwa," nikasema. "Kwa heshima."

Tuliteremka. Vibarua walitufuata, na Issa naye, kwa sababu alinusa jambo. Nilikuwa nalipita rundo lile kila asubuhi, lakini sikuwahi kulitazama kwa macho ya kazi, nililitazama kwa macho ya kuomba. Sasa nililiona. Mawe niliyoyapanga hayakuonekana tena. Yalikuwa yamefunikwa na udongo na majani yaliyolowa, yakaoza, yakashikana, na juu yake zilikuwa zimeota nyasi mbichi. Lilinifika kifuani. Mdomo wa bomba ulikuwa humo ndani mahali fulani, kama mtu aliyezikwa kwa makosa.

Magreth alinyoosha mkono, akaurudisha mfukoni. "Bibi yangu angefufuka," akasema kwa sauti ndogo.

Hakuna kibarua aliyesogea. Wote wenyeji. Mimi nilikuwa na beleshi mkononi, Jumamosi keshokutwa, kofia nyeupe kichwani, na miguu ilikataa kabisa.

"Jamani," Issa akasema nyuma yetu, "mnasubiri msafara upite?"

"Issa," Magreth akamwita, "njoo utusaidie. Lakini usitumie mtambo, utavunja bomba. Kwa mkono."

"Kwa mkono ni kuku wawili."

"Watapatikana."

"Na Mnyamwezi mwenye kofia aniambie tafadhali, mtani."

Niliwaangalia watu wote, wote wakaniangalia. "Tafadhali, mtani," nikasema.

Alipiga magoti, akazamisha mikono. Bonge la kwanza, la pili. Kisha akatoa kishada kilichooza, kimefungwa uzi wa rangi ya chungwa. Akakitikisa, akakitazama, akakiweka chini. Akatoa kingine. Na kingine. Akawa anavipanga kimoja kimoja juu ya kipande cha ubao.

"Mchicha!" akasema. "Mafungu mafungu! Nani anauza mchicha hapa?"

Ningeweza kusema uzi ule unatumiwa na kikosi chote. Ningeweza kusema hata kikosi cha Festo kinao. Sentensi hiyo niliipanga yote kichwani, na ilikuwa nzuri. Lakini Issa aliendelea kupanga, na vishada vilikuwa na urefu mmoja, na ncha zimekatwa sawasawa, na katika kampuni nzima hakuna mtu mwingine mpuuzi wa namna hiyo. Kila aliyekuwepo alijua. Walikuwa wananingojea tu.

"Ni vyangu," nikasema.

Magreth akageuka. "Vyote, mzee?"

"Vyenye mafundo mawili ni vyangu."

Alivikagua. "Vyote vina mafundo mawili."

"Basi ni vyote."

"Ulikuwa unaomba nini?"

"Maji yapite."

Hapo ndipo bomba lilipokohoa. Issa alikuwa amevuta kile kishada cha Alhamisi, kikubwa kuliko vyote, nilichokuwa nimekisindilia ndani kabisa ya pengo, na nyuma yake maji yalitoka kwa nguvu, ya kahawia kwanza, yakampiga kifuani, yakamwangusha chali, yakamfikia Magreth kwenye mabuti. Yalitoka muda mrefu. Issa alilala ndani yake anacheka hadi akakohoa, na kila alipopata pumzi alisema neno moja tu: "Mchicha!"

Maji yalipoanza kutoka meupe, Magreth alinyoosha mkono kwangu. Nilivua kofia nikampa.

"Mpaka Jumamosi," akasema. Kibarua mmoja akaniletea ya njano. Ilikuwa ile ile yangu ya zamani, rangi ya mhogo. Walikuwa wameitunza, sijui kwa nia gani.

Jioni niliingia nyumbani kichwa wazi. Consolatha alinitazama, akatazama mlango, akaona sikuinama.

"Iko wapi?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea acheke, na akacheka, lakini alipomaliza akasema, "Baba Kulwa, kesho amka mapema. Sio ukaombe. Ukachimbe."

Ijumaa tulichimba tangu asubuhi. Udongo wote uliooza kwenye maungio tuliuondoa mpaka tukaziona ngazi za mwamba, tukaziacha zichuruzike maji, tukarudishia kokoto na kifusi kikavu, tabaka moja baada ya jingine, na kila tabaka nilitembea nyuma ya rola kama kuku anayefuata mtu mwenye mahindi. Mdomo wa bomba tuliuwekea wavu wa chuma na mawe mapya ya kampuni, yasiyo na historia. Rundo Issa alilipandisha juu kabisa ya mwamba, pembeni ya njia, mahali ambapo mtu anaweza kulirundika mpaka mwisho wa dunia na lisimzuie mtu kitu. Mzee Masolwa alikuja kuliona, akaridhika, kisha akaniuliza kwa upole kama ni kweli kwamba siku hizi nalima mboga.

Jumamosi alfajiri ilinyesha. Nilipofika kazini nilikwenda kwanza chini ya tuta. Bomba lilikuwa linatoa maji, mkondo mwembamba usiokatika. Sikutupa kitu. Nilisimama mikono ikiwa mfukoni, niwe na hakika nayo.

Tipa lilikuja limejaa. Magreth alitembea upande mmoja, mimi upande wa pili na kofia yangu ya mhogo. Tairi la mbele lilitoka kwenye mwamba, likafika kwenye maungio. Udongo ulinyamaza. Tairi la nyuma, lenye uzito wote, likafika. Udongo ukanyamaza. Magreth akampungia dereva arudi kinyumenyume, apite tena, na alipopita mara ya tatu nilikuwa nimesahau kuvuta pumzi. Sijawahi kunyamaziwa na kitu nikafurahi namna ile.

"Shikamoo, mzee," akasema Magreth, na moyo ukanishuka.

"Marahaba."

"Pamekaza. Tutaweka tabaka linalofuata Jumatatu. Issa, mletee mzee kitu chake."

Issa aliteremka kwenye kijiko ameishika kofia nyeupe kwa mikono miwili kama mtu anayeleta sinia la biriani. Ilikuwa imeoshwa. Juu yake, kwa uzi wa rangi ya chungwa na mafundo mawili, alikuwa amefunga kishada cha mchicha halisi wa sokoni. Vibarua walipiga makofi. Magreth alitazama upande wa majabali kama mtu anayekagua nyufa, mabega yakimtikisika.

Nikaivaa hivyo hivyo, na mboga yake.

Maungio yale sasa yana lami. Magari yanapita, na hakuna anayejua kama yapo. Nikipita Kilima cha Mizigo bado natupa, kwa sababu ndivyo panavyopitwa, ila natupa jiwe tupu, tena nalipangusa udongo kwanza. Majani nimeacha. Issa anasema wazee wa msafara wamemtuma aniulize kwa nini mboga imekatika.